Simba Aliyeupa Mlingoti Mgongo

Kwetu Msambweni husema kusamehe ni sadaka. Mimi sadaka natoa, tena kwa moyo, lakini Ibra sikumtolea. Nasema mapema ili asiwepo mtu wa kunisoma mpaka katikati akingoja nilainike. Sikulainika. Nilimwekea miaka mitatu, na siku nilipomlipa nilikuwa nimevaa baibui safi, uzi na sindano viko mkobani, na aliyenisaidia ni simba mmoja mwekundu wa Ujerumani ambaye hadi mwaka huu sikuwa na habari naye.

Jina langu Mwatime. Nashona bendera Riyadh, mtaa wa Dira, katika karakana ya Abu Turki iliyo nyuma ya maduka ya mabushuti, yale majoho ya Kiarabu. Tuko wanawake sita, mashine nne za kushona na moja kubwa ya kudarizi. Bendera tunayoshona kuliko zote ni ya Saudia, na hiyo ina desturi yake. Maandishi yake husomwa kuanzia kulia, kwa hiyo ukiitazama kwa mbele, mlingoti unakuwa mkono wako wa kulia. Bendera nyingi za nchi nyingine mlingoti wake uko kushoto. Mikono yetu imezoea kulia kiasi kwamba kila mfanyakazi mpya, kosa lake la kwanza ni kushona bendera ya ugenini na kuitia mfuko wa kupitishia mlingoti upande usio wake. Hata mimi nilifanya hivyo wiki yangu ya kwanza, na Abu Turki alinikalisha nikaifumua yote huku wenzangu wanakula.

Kabla ya Riyadh nilikuwa Jeddah, mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Al-Safa. Ibra alikuwa dereva wa nyumba hiyo hiyo, mtu wa Tanga, mcheshi, Kiarabu kinamtiririka. Dereva haruhusiwi kuingia ndani na mwanamke wa kazi hatoki ovyo, kwa hiyo mazungumzo yetu yalipitia dirisha la jikoni, mimi nikimpa chai, yeye akinipa habari za pwani. Siku moja aliniona nadarizi, akaniuliza kama naweza kofia. Kofia nilifundishwa na mamangu, ile ya mkono, ya vitundu, inayochukua miezi. Akasema yuko mbioni kuoa, mchumba wake anaitwa Miriam, na angependa siku ya nikaha avae kofia ya mkono kama marehemu babake. Nikakubali. Nilimpima kichwa kwa uzi kupitia dirishani, tukacheka kwa ukubwa wa kichwa chenyewe.

Kofia huanza na karatasi. Unachora miraba, ndani ya miraba unaandika namba za vitundu, na mahali pa maua unaweka vimwezi na nyota. Mtu wa pwani akiiona anajua ni nini. Madam hakuwa mtu wa pwani. Wiki ile mwanawe mdogo alikuwa na homa isiyoshuka, na yeye mwenyewe hakuwa amelala siku tatu. Alipoinua godoro langu akakuta karatasi ina miraba, namba, miezi na nyota, akapiga ukelele uliofika barabarani. Kwake ile ilikuwa talasimu, na mimi ndiye niliyemroga mtoto.

Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha jikoni tu: maji, chumvi, yalla, halas. Wakamwita Ibra ndani awe mkalimani. Alisimama kwenye zulia bila viatu, wakampa karatasi mkononi. Nilimwambia kwa Kiswahili, machozi yananitoka, "Waambie ni kofia, Ibra. Waambie ni kofia yako."

Aliitazama karatasi, akamtazama madam, akairudia karatasi. Kisha akasema, "Ma adri."

Ma adri ni sijui. Naye alijua. Kichwa kilichopimwa kilikuwa chake. Lakini angesema ni kofia yake, wangemuuliza yeye na mimi tulizungumza lini na wapi, na pengine angekosa kazi. Akapima kazi yake na mimi, akaona mimi ni mwepesi. Akavaa viatu vyake akatoka.

Nilifungiwa chumba cha juu siku kumi na tisa, wakijadiliana wanifanye nini. Chakula nililetewa. Simu yangu ilikuwa kwenye droo ya madam. Siku ya ishirini baba mwenye nyumba alikwenda Balad, mji wa kale, akamwonyesha ile karatasi mzee mmoja muuza vitambaa, ambaye mama yake alikuwa wa Unguja. Mzee akacheka, akamwambia, hii ni kofia. Haikuchukua hata dakika. Baba alirudi akaniomba radhi kwa kinywa chake, na mtoto alikuwa ameshapona, lakini madam hakuweza tena kunitazama usoni. Ndipo nikahamishiwa ikama, kibali changu cha ukaazi, kwa binamu ya baba, huyu Abu Turki, niende Riyadh nisionekane tena.

Niliporudishiwa simu nikakuta mamangu amenipigia mara arobaini na moja. Nikapiga. Akapokea kakangu. Mama alikuwa amezikwa siku ya kumi na mbili ya kufungiwa kwangu. Aliugua ghafla, akataka kuniaga, na kila simu ilipolia bila kupokewa aliwaambia waliomzunguka kwamba Mwatime amepata maisha, hana tena haja na mama yake. Alikufa anaamini hivyo. Kufungiwa kwangu ningemsamehe Ibra. Hilo la mama, hapana.

Mwaka huu, baada ya Idi, Abu Turki alitukusanya akasema kuna kazi ya heshima. Kuna wilaya moja ya Ujerumani, wao huita Landkreis, jina lake Tannfurt, na wakubwa wake wanakuja Jeddah kutia sahihi mkataba wa urafiki na chama cha wafanyabiashara. Inatakiwa bendera ya jukwaani yenye nembo ya wilaya hiyo, ya kitambaa cha atlasi, ya kudariziwa, na matamvua ya dhahabu pembeni. Mbele nembo, nyuma bitana tupu, kwa sababu itasimama ukutani. Kampuni inayoandaa hafla iko Sulimaniyah, hapa hapa Riyadh, na mratibu wake alikuwa anapanda ngazi wakati huo huo.

Aliyepanda ngazi ni Ibra.

Alikuwa amenenepa, suti ya kijivu, ndevu zimechongwa. Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Akafungua mikono kama mtu aliyekutana na jamaa harusini.

"Mwatime, dada yangu," akasema. "Dunia hii ndogo jamani."

Nilimwitikia salamu, maana salamu ni ya Mungu. Alikaa ukingoni mwa meza yangu akazungumza na mimi kana kwamba tuliachana jana kwa wema. Akasema ameacha udereva zamani. Kazi hii ya Wajerumani ikienda sawa, anafanywa mkuu wa ofisi ya Jeddah, na mkuu wa ofisi anaruhusiwa kuleta familia. Miriam anamngoja Tanga tangu harusi. Wana binti ambaye hajambeba, anamwona kwenye simu tu. Nilimsikiliza, na nasema kweli, la binti lilinigusa. Kisha akacheka, akanipiga kidogo begani kwa kalamu.

"Nilioa na kofia ya kiwandani, ujue. Hukunimalizia yangu."

Hana haya wala hajui vibaya. Siku kumi na tisa zangu, kaburi la mamangu, kwake yote hayo yalikuwa kofia ambayo sikumalizia. Niliinamia mashine nikajifanya natunga uzi, na hapo hapo, bila kuapa wala kulia, nikaamua kwamba Jeddah hataipata.

Alituachia kitabu cha mwongozo kilichotumwa na wenyewe Wajerumani, kurasa kumi na nne, bado kimefungwa kwa nailoni yake. Hakuwa amekifungua. Mimi nilikifungua. Kilikuwa kwa Kiingereza, kimeandikwa na mama mmoja aitwaye Hannah, mtunza kumbukumbu wa wilaya, na nilikisoma siku mbili wakati wa mapumziko kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Ngao yao imegawanywa sehemu mbili. Juu ni dhahabu, na juu ya dhahabu simba mwekundu amesimama kwa miguu ya nyuma, ulimi na kucha za buluu, utadhani katoka kula zambarau. Chini ni buluu, na gurudumu la kinu la fedha. Zamani zilikuwa wilaya mbili, moja ya simba na moja ya gurudumu. Serikali ilipoziunganisha, watu waligombana miaka minne nani akae juu. Nilicheka peke yangu. Hata Wazungu hugombania mahali pa kukaa.

Nilipenda kanuni zao. Dhahabu na fedha huitwa madini, na madini hayawekwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi, ili nembo isomeke kutoka mbali. Mama naye alikuwa na kanuni kama hizo za kofia, ua halikai juu ya ua. Nikamwona Bi Hannah ni fundi mwenzangu.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na kisanduku cheusi pembeni. Simba lazima autazame mlingoti, kiliandikwa. Bendera inapobebwa vitani, mlingoti ndio uko mbele, kwa hiyo simba anayeutazama mlingoti anamkabili adui, na simba anayeupa mlingoti mgongo anakimbia. Kisha akaeleza kwa nini anasisitiza. Katika vita vya zamani majirani waliwashinda watu wa Tannfurt, wakawachorea langoni mwa mji simba wao akikimbia. Aibu ile husimuliwa mpaka leo, na siku ya gwaride majirani bado huwatania kwayo.

Nilimweleza Fridah, anayekaa meza ya pili, mtu wa Meru, ndiye peke yake niliyewahi kumsimulia habari za Ibra. Nikamwambia nimefikiria mengi: uzi mbovu, tamvua la kuanguka, ulimi wa simba usahaulike. Aliweka mkasi chini.

"Ukiharibu kazi, ni mkono wako utaonekana, si wake," akasema. "Na hasira itakukula wewe first. Wachana na huyo mtu."

Nusu ya kwanza niliikubali. Kazi mbaya haiwezi kutoka mkononi mwangu hata kwa kisasi. Nusu ya pili nikaiacha pale mezani kwake.

Kwa hiyo nilishona sampuli iliyo sawa, kila kitu kama Bi Hannah alivyotaka. Simba nilimdarizi kwa mashine, lakini manyoya ya shingo na ulimi nilimalizia kwa mkono. Mfuko wa mlingoti niliuweka kushoto, simba akiutazama uso kwa uso. Niliikunja kwa karatasi laini nikaenda nayo Sulimaniyah, ofisi ya ghorofa ya tatu juu ya mkahawa, Ibra aikubali kwa sahihi. Sitadanganya kwamba nilijua kitakachotokea. Lakini nilimjua Ibra, na nilijua mtu ambaye hasomi hufanya nini akitaka kuonekana ameona kitu.

Aliitandaza kwenye meza ya mikutano, pembeni ya bendera ya Saudia tuliyoshona sisi wenyewe. Akazitazama mbili. Akakunja uso.

Akauliza mbona mlingoti uko kushoto. Hii itasimama jukwaa moja na bendera ya nchi, akasema, na bendera ya nchi mlingoti wake uko kulia. Tunataka zifanane, wageni waone tuna utaratibu. Wasichana wawili wa ofisini walikuwa wanasikiliza, na yeye alipandisha sauti kwa ajili yao.

Ukurasa wa tisa ulikuwa mkobani mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua zipu. Nilimfikiria Miriam, na yule binti. Kisha nikamwona Ibra pale zuliani, miguu mitupu, karatasi mkononi.

"Mwongozo umeusoma?" nikamuuliza.

"Wote," akasema. "Nimeusoma mara mbili."

"Basi niandikie hapa unachotaka, nisije nikakosea."

Akaandika kwenye fomu ya sampuli, kwa Kiarabu, kwa mwandiko wake mzuri: simba abaki alivyo, mlingoti uwe kulia kama bendera ya Saudia. Akatia sahihi na tarehe, akaniambia nijifunze kufikiria mambo haya mwenyewe, nisingoje kuambiwa. Nikamwitikia, "Ndiyo bosi." Sikuwahi kumwita bosi. Alitabasamu, neno lilimkaa vizuri.

Abu Turki aliposoma fomu aliguna, akaniuliza kama wenyewe ndivyo walivyotaka. Nikamwambia mratibu kasema ameusoma mwongozo wote, na hayo yalikuwa maneno ya Ibra, si yangu. Aliiweka fomu kwenye faili. Atlasi haina msamaha. Ukiipitisha sindano, tundu limebaki, kwa hiyo mfuko haungehamishwa, ikabidi nishone bendera nyingine mpya. Nilishona simba wa pili kwa uangalifu ule ule wa kwanza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sampuli niliikunja nikaitia chini kabisa ya mkoba wangu wa safari.

Tuliruka kwenda Jeddah mimi na Abu Turki alfajiri ya siku ya hafla, kwa sababu bendera za jukwaani lazima fundi awepo na sindano yake, lolote likitokea. Gari lililotupokea lilikwepa foleni kwa kupitia Al-Safa. Sikuomba. Niliiona nyumba, geti jipya la kahawia, na dirisha la juu. Nilikuwa nimejiambia nitageuka nitazame upande mwingine. Nikalitazama dirisha lile mpaka likapotea, na kama kulikuwa na kahuruma kokote kaliniponyoka njiani, kalibaki mtaa ule.

Ukumbi ulikuwa hoteli moja karibu na bahari. Nilizisimamisha bendera tatu: ya Saudia, ya Ujerumani na ya Tannfurt. Ya Tannfurt ilipendeza kweli, taa zinamulika dhahabu, simba mwekundu anang'aa. Alikuwa ameupa mlingoti mgongo, anakwenda zake. Ibra alipita na simu sikioni, akaitazama, akaninyooshea dole gumba.

Wageni waliingia saa nne. Mbele yao alikuwa mkuu wa wilaya, mtu mrefu mwenye miwani, na nyuma yake bibi mfupi wa nywele nyeupe aliyevaa viatu vya kutembelea milima. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Wengine wote walikwenda kwenye kahawa na tende. Yeye alikuja moja kwa moja kwenye bendera. Akasimama mbele yake. Akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akamwita mkuu wake kwa sauti ndogo, na yule mtu mrefu alipofika akawa mwekundu kama simba mwenyewe.

Hakukuwa na kelele. Mkalimani wao alieleza kwa Kiarabu kwamba mheshimiwa anashukuru kwa yote, lakini hawezi kupigwa picha mbele ya bendera hii, kwa sababu picha itafika kwao leo leo, na hii ndiyo picha ambayo majirani zao waliwachorea langoni. Wapiga picha walikuwa wameshajipanga. Mkurugenzi wa kampuni, bwana mkubwa wa Ibra, akauliza ni nani aliyefanya hivi.

Ibra akasema ni karakana. Alisema bila kusita, kama mtu anayepangusa vumbi. Abu Turki ni mtu wa maneno machache. Alifungua faili, akatoa fomu, akamkabidhi mkurugenzi. Mkurugenzi akaisoma, akaisoma tena, akamwonyesha Ibra sahihi yake.

Sijawahi kumwona mtu akizunguka ukumbini kwa macho namna ile. Macho yake yakanikuta pembeni ya pazia. Akaja kwangu upesi, akasema kwa Kiswahili, sauti imeshuka.

"Mwatime, waambie ndivyo mlivyozoea kushona. Waambie ni desturi ya karakana, mikono imezoea bendera ya hapa. Ni kweli, unajua ni kweli. Neno moja tu, dada yangu."

Na ilikuwa kweli. Ningelisema, hata fomu ingeonekana imefuata mazoea yetu, na lingekuwa kosa la kufokewa kidogo na kusahauliwa. Abu Turki angeona aibu kidogo, Ibra angepona. Mkurugenzi alitusogelea akaniuliza, kwa heshima, mratibu anasema nini, na je, kuna jambo ninalolijua kuhusu bendera hii. Kiarabu changu siku hizi si cha jikoni. Nilimwelewa kila neno. Nilimtazama Ibra, si mkurugenzi.

"Ma adri," nikasema.

Niliona neno linavyoingia. Kwanza alikasirika, kisha akatulia, kisha nikaona amefika siku ile: zulia, viatu vyake mlangoni, mimi nalia. Uso ulimporomoka. Miaka mitatu nilikuwa nikijiuliza kama alikuwa ameyasahau kweli au alijitia hamnazo. Alikuwa anayakumbuka yote. Hilo nalo nilifurahi kulijua.

Mkurugenzi akamwambia halas, imekwisha, aache kitambulisho mezani, Jeddah atapelekwa mwingine. Ibra alitembea kuelekea mlangoni kwa hatua ndogo ndogo. Nilingoja mpaka mkono wake uguse kitasa, na hapo nikamwita kwa jina. Alipogeuka, nikafungua zipu ya mkoba, nikatoa sampuli, nikaikung'uta itandazike mbele ya taa. Simba yule yule, mlingoti kushoto. Nilitaka aione. Nilitaka ajue kwamba muda wote ule wokovu wake ulikuwa umekunjwa futi mbili kutoka aliposimama, na kwamba niliukalia.

Bi Hannah alikuja akaishika kwa ncha za vidole, akaugusa ule ulimi wa buluu. Akaniuliza kwa Kiingereza nilijuaje. Nikamjibu, ukurasa wa tisa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na nasema kweli, nusura nilie, kwa sababu tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kunipa mkono kwa sindano yangu. Nikabadilisha bendera kwa dakika mbili. Wakapiga picha zao. Abu Turki alinitazama, akatazama mkoba, akaelewa kila kitu. Alisema tu kwamba kesho nitaanza kazi saa sita badala ya saa mbili, nipumzike.

Nilimkuta Ibra nje, ameketi kwenye ngazi za hoteli, tai mfukoni. Ningeweza kupitia mlango mwingine. Sikutaka.

"Nilikuwa naogopa," akasema. Hakuinua kichwa. "Siku ile. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini."

Nikamwambia hata mimi niliogopa, siku kumi na tisa. Nikamwambia kuhusu mama, zile simu arobaini na moja, na alivyosema kabla ya kufa. Hilo hakuwa analijua. Alijishika kichwa, kile kile kikubwa nilichokipima kwa uzi, akaniuliza angefanya nini sasa, angesema nini ili nimsamehe.

"Sasa, hakuna," nikamwambia. "Wakati ule ungesema kofia. Neno lenyewe lilikuwa moja, Ibra. Kofia."

Alianza kulia. Nilisimama pale kidogo nikaona kama kitu kitanilainika kifuani, kama wasemavyo watu. Hakikulainika. Nikarudi ukumbini kuikunja ile bendera iliyokataliwa, maana atlasi yake ni nzuri, na Abu Turki hapendi kitambaa kipotee.